Kumbukumbu za maisha yako yote zinaingia kwenye memori kadi ya MB 128: uzi kuhusu Thomas Landauer

#1 Kibuyu cha Elimu

Wakuu, salaam.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Landauer, alichapisha makala kwenye jarida la Cognitive Science akiuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: kichwa cha mtu kinabeba kiasi gani? Hakuwa anahesabu seli za ubongo. Alitaka kujua mtu mzima ambaye ameshasoma, amesikiliza redio, amegombana na majirani na kuhudhuria misiba na harusi zote za ukoo, anabaki na kiasi gani cha vile alivyojifunza. Jibu lake ni kama biti bilioni moja. Biti ni ndiyo-au-hapana moja ya kompyuta, na nane zinafanya baiti moja. Gawanya kwa nane, unapata MB 125 hivi. Zile memori kadi za MB 128 za simu za vitufe zingekutosha na chenji ingebaki.

Kabla yake, John von Neumann, bingwa wa hisabati, alishapiga hesabu kama hiyo kwenye kitabu kilichotoka 1958, mwaka mmoja baada ya kufariki. Yeye alidhani kila kinachoingia kichwani kinabaki, hakuna kinachosahaulika. Akapata biti 280 ikifuatiwa na sufuri 18. Ukiweka namba hizo mbili pamoja utadhani wanazungumzia viumbe tofauti.

Tofauti yao ni njia. Landauer alipima watu. Mathalani, mtu anasoma maandishi, kisha anapewa maandishi yale yale yakiwa na maneno yaliyofutwa ayajaze. Mwingine ambaye hajayasoma naye anajaza kwa kukisia. Yule aliyesoma anapata zaidi, na ile ziada ndiyo kumbukumbu halisi. Inageuzwa kuwa biti. Alifanya hesabu kama hizo kwa picha na hata vipande vya muziki, na kila upande aliona mtu anaweka kumbukumbu kwa kasi ya kama biti mbili kwa sekunde. Zidisha kwa saa ambazo mtu yuko macho maishani, toa anayosahau, unafika kwenye mabilioni machache au bilioni moja, hutoki hapo.

Huyu mzee (1932–2014) sijaona akiandikwa kwa Kiswahili, na nadhani anastahili. Alisomea Harvard, akafundisha Stanford, halafu akatumia miaka mingi kwenye maabara za kampuni ya simu, Bell Labs, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Colorado pale Boulder. Nitaweka vipande vingine kadiri nafasi inavyoruhusu. Uzi uko wazi.

#2 Wa Likoni

Kaka hapo sikubali hata kidogo. Huku kwetu kuna watoto wa miaka kumi na mbili wamehifadhi Qur'ani nzima, herufi kwa herufi, na irabu zake. Kuna wazee wana tenzi za beti mia kadhaa kichwani. Huyo Landauer aliwapima wanafunzi wake wa chuo huko, wasiohifadhi hata namba ya simu ya mama zao.

#3 Kibuyu cha Elimu

Mkuu, hoja yako ni nzuri, tuipigie hesabu. Qur'ani ina maneno kama 77,000, herufi zaidi ya laki tatu. Sasa, herufi moja ndani ya maandishi yenye maana haibebi habari nyingi, kwa sababu inayofuata mara nyingi unaweza kuikisia. Claude Shannon, naye wa Bell Labs, alikadiria mwaka 1951 kwamba herufi moja ya Kiingereza kwenye sentensi inabeba kama biti moja tu. Tuwe wakarimu, Kiarabu tukipe biti mbili kwa herufi na irabu tuzifanye biti nyingine. Hapo msahafu mzima haufiki hata biti milioni moja na nusu, yaani chini ya robo ya MB moja.

Kwa hiyo hafidh hapingani na Landauer. Kinachoshangaza ni jinsi kazi ya miaka ya chuo cha Qur'ani, fimbo na usingizi wa alfajiri uliokatwa, inavyochukua nafasi ndogo namna ile. Nafasi tunayo. Kazi iko kwenye kuingiza, na kwenye kuzuia kisitoke.

#4 Binti Makorora

Nikazie hapo pa kuzuia kisitoke. Nimekulia chuoni, babu alikuwa mwalimu. Kuhifadhi juzuu mpya si tabu sana ukiwa mdogo, tabu ni muraja'a, kurudia ulichokwisha kuhifadhi. Babu hakuwa anaturuhusu kudurusu kwa kutazama tu. Unafunga msahafu, unamsikilizisha kwa moyo, ukikwama anakuacha ukwame kwanza ndipo akutolee neno. Na za zamani alikuwa akizirudia siku usiyotarajia. Endelea na Landauer wako, nasubiri kuona kama alijua hayo.

#5 Kibuyu cha Elimu

Dada, alijua, na nitafika huko. Ila kwanza nianze na kazi yake ya 1967 maana ndiyo iliyonifanya nimpende.

Yeye na Robert Moyer walichapisha karatasi fupi kwenye jarida la Nature. Jaribio lenyewe ni jepesi mpaka unaona aibu: mtu anaonyeshwa tarakimu mbili, anabonyeza upande wenye kubwa. 2 na 9. 5 na 6. 1 na 3. Basi. Wanapima muda wa kujibu.

Ungetegemea nini? Kila mmoja wetu anajua 9 ni kubwa kuliko 8 kama anavyojua 9 ni kubwa kuliko 2. Hakuna kufikiri hapo. Kama majibu yangekuwa yamehifadhiwa kichwani kama orodha, muda ungekuwa sawa kila mahali. Lakini watu walijibu 2 na 9 haraka kuliko 8 na 9. Namba zikikaribiana, jibu linachelewa. Tena kuna jambo la pili: tofauti ikiwa ile ile, namba zikiwa kubwa zaidi jibu linachelewa, kwa hiyo 8 na 9 ni ngumu kuliko 1 na 2. Tunazungumzia sehemu ndogo sana ya sekunde, huwezi kuihisi mwenyewe, lakini saa inaiona, na inaiona kwa watu wazima wenye elimu ambao wametumia namba maisha yao yote.

Wakasema mchoro wa muda ule unafanana na ule unaopatikana watu wakilinganisha urefu wa mistari au sauti mbili, vitu vya kushikika ambavyo vikikaribiana jicho au sikio linasita. Yaani tarakimu, ambayo ni alama ya wino tu, ikiingia kichwani inageuzwa kuwa ukubwa, na ndipo ukubwa unapolinganishwa na ukubwa.

Moyer aliendelea mwenyewe mwaka 1973. Akaacha namba, akatumia majina ya wanyama. Hakuna picha, majina tu kwa maandishi, chagua aliye mkubwa. Matokeo yale yale! Kwa mifano ya kwetu: tembo na panya unajibu mara moja, nyumbu na pundamilia unasita. Baadaye jambo hili likaitwa athari ya umbali wa alama, na watafiti wakaliona kila walipogusa. Miaka ya 1970 William Banks na wenzake wakaongeza jingine zuri: ukiulizwa "yupi mkubwa" kati ya wakubwa wawili unajibu haraka kuliko ukiulizwa "yupi mdogo", na kwa wadogo wawili ni kinyume chake. Swali lenyewe linaegemea upande fulani.

Kuna wataalamu walitafuta mahali ambapo mtu angeweza kukwepa kulinganisha. Stanislas Dehaene na wenzake, Ufaransa, mwaka 1990 waliwapa watu namba za tarakimu mbili wazilinganishe na 65. Chukua 71 na 79. Zote zinaanza na 7, na 7 inatosha kukuambia ni zaidi ya 65. Ile tarakimu ya mwisho huna haja nayo. Bado 71 ilichelewa kuliko 79. Kichwa hakikubali njia ya mkato, kinataka kuona umbali.

Na nyani je? Elizabeth Brannon na Herbert Terrace mwaka 1998 waliwafundisha nyani wawili aina ya rhesus, Rosencrantz na Macduff, kupanga picha zenye vitu kimoja hadi vinne kwa mpangilio. Kisha wakawapa picha zenye vitu vitano hadi tisa ambazo hawakuwahi kufundishwa. Wakaweza kuzipanga, na nao usahihi uliongezeka idadi zikiachana. Kwa hiyo hili halikuanzia darasani.

#6 Duka la Jumla

Ndiyo maana nikiandika 9,900 watu wananunua na nikiandika 10,000 wananuna. Sisi wa Kariakoo hatukusubiri Nature.

#7 Kibuyu cha Elimu

Hahaha, mkuu umegusa penyewe, ila yako ina mlango wake. Manoj Thomas na Vicki Morwitz walilichunguza mwaka 2005: kushusha bei kidogo kunabadilisha hisia ya mnunuzi pale tu tarakimu ya kushoto inapobadilika. Kutoka 3.00 kwenda 2.99 inafanya kazi. Kutoka 3.60 kwenda 3.59 hapana. Na inafanya kazi zaidi kama bei ya jirani yako iko karibu na ya kwako. Ikiwa mbali, mteja haoni tofauti. Kwa hiyo kama bidhaa yako ni 8,400, usijisumbue kuishusha iwe 8,390.

#8 Mpita Njia

Mnaandika kama mnalipwa. Mwenye muhtasari auweke nikimaliza chai nimsome.

#9 Kibuyu cha Elimu

Chai ni mada nyingine, kaa chini.

Sasa kwa Binti Makorora. Mwaka 1978 Landauer na Robert Bjork waliwapa watu majina ya kubuni, jina la kwanza na la ukoo, wayajifunze. Walichochezea ni muda kati ya kujaribiwa. Kundi moja lilijaribiwa kwa nafasi zinazolingana. Jingine lilijaribiwa mapema mara ya kwanza, halafu nafasi ikapanuliwa, kwa mfano baada ya kadi moja, kisha nne, kisha kumi. Ile ya kupanua ikashinda. Mantiki yake ni kwamba unajiuliza jina ukiwa bado unalo, halafu kila mara unalisogeza mbele kidogo, mahali ambapo linakaribia kukutoka lakini halijakutoka. Programu nyingi za kadi za kujifunzia lugha kwenye simu zinatumia wazo hilo hilo.

Nisiifanye iwe sheria ya Musa. Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walirudia mambo haya mwaka 2007 wakaona kupanua kunasaidia kwa kumbukumbu ya muda mfupi, lakini baada ya siku mbili nafasi sawa ndiyo iliyokuwa mbele. Maelezo yao ni kwamba cha muhimu ni kuchelewesha lile jaribio la kwanza; ukijiuliza mapema mno unajibu bila jasho, na pasipo jasho hakuna kinachoganda.

Hawa wawili ndio waliofanya jaribio lililonichekesha zaidi. Mwaka 2008, kwenye jarida la Science, waliwafundisha wanafunzi wa Marekani maneno 40 ya... Kiswahili! Ndiyo, lugha yetu, maana wale vijana hawakuijua, kwa hiyo wote walianzia sufuri. "Mashua" ni moja ya maneno hayo. Orodha za Kiswahili zilikuwa zimeshaandaliwa na kupimwa ugumu na Nelson na Dunlosky mwaka 1994, na maabara nyingi za kumbukumbu zimezitumia. Kuna Wamarekani wasiojua Tanzania iko wapi lakini waliwahi kujua mashua ni nini kwa wiki moja.

Jaribio lilikuwa hivi. Neno likishajibiwa vizuri mara moja, kwa baadhi liliondolewa kwenye kusomwa lakini liliendelea kuulizwa. Kwa wengine liliendelea kusomwa lakini halikuulizwa tena. Makundi yote yalijifunza kwa kasi ile ile, na yote yalibashiri kwamba baada ya wiki yangekumbuka kama nusu. Wiki ilipofika, walioendelea kuulizwa walikumbuka karibu asilimia 80. Walioachwa kuulizwa, wapende wasipende kusoma, walibaki na theluthi hivi. Kusoma zaidi neno ulilokwisha kulijua hakukuongeza kitu.

Kwa hiyo babu yako, dada, alipofunga msahafu na kukuacha ukwame kwanza, alikuwa sahihi kuliko vitabu vingi vya ualimu.

#10 Mlimani Msuli

Aisee. Mimi napiga msuli kwa kusoma desa mara tano huku napaka rangi ya njano. Ina maana narembesha karatasi tu?

#11 Kibuyu cha Elimu

Narudi kwako. Nimalizie kwanza kipande kikubwa, maana bila hiki Landauer hajakamilika.

Kule kampuni ya simu walikuwa na shida ya watu kutafuta vitu kwenye kompyuta. Mwaka 1987 George Furnas, Landauer, Louis Gomez na Susan Dumais walionyesha kwamba watu wawili wakiambiwa wakipe kitu kimoja jina, uwezekano wa kuchagua neno lile lile uko chini ya asilimia 20. Walijaribu kwenye mapishi, kwenye matangazo ya vitu vinavyouzwa, kwenye amri za kompyuta. Hapa kwetu mmoja anatangaza "jokofu" na mwingine anatafuta "friji", hawakutani kamwe.

Suluhisho lao lilikuwa kuacha kutazama neno, watazame neno linakaa na nani. Chukua maandishi mengi, tengeneza jedwali kubwa: mstari kwa kila neno, safu kwa kila makala, andika neno limetokea mara ngapi wapi. Kisha libane hilo jedwali kihesabu mpaka kila neno libaki na namba 300 tu. Namba hizo ni kama anwani. "Daktari" na "muuguzi" wanaishi jirani hata kama hawajawahi kukutana kwenye makala moja, kwa sababu wana majirani wale wale.

Mwaka 1997 Landauer na Dumais wakaiambia saikolojia: hivi ndivyo mtoto anavyojifunza maneno. Waliipa programu makala zaidi ya 30,000 za ensaiklopidia ya wanafunzi, halafu wakaifanyisha sehemu ya visawe ya TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wageni, maswali 80. Ikapata asilimia 64. Wageni walioomba kuingia vyuo vya Marekani walikuwa wamepata wastani wa karibu kiasi hicho hicho. Jambo lililonikaa ni hesabu nyingine waliyoitoa: karibu robo tatu ya ujuzi ambao programu iliupata kuhusu neno fulani ulitoka kwenye maandishi ambayo neno hilo halimo kabisa. Ukisoma habari za samaki, unaelewa zaidi neno "nyavu" ambalo hukulisoma siku hiyo, kwa sababu kila kitu kimesogea kidogo.

Hapa ndipo ninapoona kitu ambacho Landauer mwenyewe hakukisema kwa maneno yangu, ila kazi zake zote zinakisema. Namba ni umbali kati ya ukubwa na ukubwa. Neno ni umbali kutoka kwa majirani zake. Kukumbuka kunategemea umbali wa muda kati ya kujiuliza na kujiuliza. Kama kichwa kingekuwa kinaweka nakala, MB 125 isingetosha hata video za harusi za mwaka mmoja. Kinatosha kwa sababu hakiweki nakala, kinaweka mahali pa vitu.

#12 Msimbo

Mleta mada nimekufuata mpaka hapo, ila ile ya muda umeilazimisha. Umbali wa namba na wa maneno ni kipimo kilekile cha kufanana. Nafasi kati ya marudio ni saa ya ukutani, haifanani na kitu. Hizo ni familia mbili.

Halafu kwa ile ya 1997 usiwapambie sana. Haijui mpangilio wa maneno hata kidogo. "Mbwa kamng'ata mtu" na "mtu kamng'ata mbwa" kwake ni sentensi moja. Na ingeletwa kwenye Kiswahili kama ilivyo ingeanguka vibaya: nilimpenda, hatukumpenda, wanaopendana, kila moja ni neno jipya kwenye mstari wake. Jedwali linajaa maneno yaliyotokea mara moja. Lazima kwanza uvunje vitenzi vipande vipande. Hizi modeli za lugha za sasa zinafanya hivyo, zinakata maneno, na zinajali mpangilio. Lakini wazo la kulipa neno anwani ya namba, hilo nakubali, ni urithi wa mle ndani.

#13 Kibuyu cha Elimu

Kuhusu muda nitabaki na langu, Msimbo, maana kadiri muda unavyopita ndivyo hali yako ya sasa inavyotofautiana na hali uliyokuwa nayo wakati unasoma. Kuvuka tofauti hiyo ndiko kunakoleta kazi. Kuhusu mpangilio wa maneno uko sawa kabisa, na wakosoaji wao walilisema hilo tangu mwanzo.

#14 Ticha Mkongwe

Nasikia huyu ndiye baba wa zile mashine za kusahihisha insha. Nimesahihisha insha za kidato cha nne kwa miaka. Sitaki kusikia.

#15 Kibuyu cha Elimu

Ndiye, Ticha. Yeye na wenzake akina Peter Foltz walianzisha kampuni, baadaye ikanunuliwa na Pearson mwaka 2004. Mashine inalinganisha insha ya mwanafunzi na insha ambazo walimu wamekwisha kuzipa alama, inaangalia ipo karibu na zipi. Makubaliano yake na mwalimu yalikaribia makubaliano ya mwalimu na mwalimu mwenzake, jambo ambalo nadhani linasema zaidi kuhusu walimu kuliko kuhusu mashine, usinikasirikie. Lakini kwa sababu ile ile aliyoitaja Msimbo, mwanafunzi aliyekoroga hoja ila akatumia maneno yote ya somo anaweza kupita. Mimi ningeitumia kumwambia mwanafunzi "hujagusa sehemu fulani ya mada" kabla hajakukabidhi wewe. Alama abaki nazo mwalimu.

#16 Ticha Mkongwe

Hapo kwa kumpa maoni kabla, tunaweza kuzungumza. Darasa la watoto themanini sisomi rasimu mbili.

#17 Mlimani Msuli

Wakuu mmenisahau. Nifanyeje na desa?

#18 Kibuyu cha Elimu

Kijana, pole. Nicholas Cepeda na wenzake waliwafuatilia watu zaidi ya 1,350 mwaka 2008 wakiwafundisha mambo wasiyoyajua, kisha kuwarudisha baada ya muda tofauti, na mtihani ukaja mpaka karibu mwaka mmoja baadaye. Nafasi nzuri ya kurudia ilitegemea mtihani uko mbali kiasi gani: mtihani ukiwa wiki moja mbele, rudia baada ya siku moja au mbili, ukiwa miezi mbele, rudia baada ya wiki kadhaa. Na kurudia maana yake funga desa, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, ndipo ufungue uone ulichokosa. Rangi ya njano waachie wapambaji. Pepa yako ni lini?

#19 Mlimani Msuli

Kesho saa mbili asubuhi.

#20 Binti Makorora

😂😂😂

#21 Kibuyu cha Elimu

Basi Cepeda hakuhusu. Roediger na Karpicke waliona mwaka 2006 kwamba mtihani ukija baada ya dakika tano, aliyesoma na kusoma tena anamshinda aliyejiuliza. Baada ya wiki anashindwa vibaya. Wewe uko katikati. Usiku huu jiulize mada kubwa tu, asubuhi kabla ya kuingia pitisha macho kwenye desa mara moja. Na ulale. Kama ni somo litakalorudi mwaka wa tatu, anza kujiuliza upya keshokutwa, maana utakachopata kesho kitakutoka.

#22 Mlimani Msuli

Mwaka wa tatu ni somo lile lile, sehemu ya pili. Naweka simu pembeni.